Kuisoma Bili ya Maabara: Utangulizi kwa Wasomaji wa Ufipa

Asubuhi moja ya mvua, mwezi wa Januari, nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya dirisha la malipo la hospitali moja hapa kwetu. Mbele yangu alikuwapo mama aliyejifunga kitenge juu ya sweta, amembeba mjukuu mgongoni. Alimpa karani fomu ya vipimo. Karani akaisoma, akabonyeza kompyuta, akataja jumla. Mama akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akahesabu noti zake mara mbili. Zilipungua. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Mwanangu, hivi vyote ni vya nini?" Karani akamjibu kwa adabu kwamba hilo amuulize daktari, maana yeye anapokea fedha tu.

Jibu la karani lilikuwa sahihi, na swali la mama lilikuwa sahihi zaidi. Kurasa hizi zinaanzia hapo. Watu wengi hudhani gharama za maabara ni mambo ya wahasibu na maofisa wa bima. Mimi naziona kama elimu kamili, ambayo anayeweza kuisoma risiti ya duka la pembejeo anaweza kuingia ndani yake, nami nakukaribisha. Humo utakutana na damu na vijidudu, utakutana na historia ya nchi yetu, sheria, nauli, hata bei ya gunia la mahindi. Ila kuna jambo moja la kulishika tangu mlangoni: kila mstari wa bili ya maabara ni swali ambalo tabibu anauuliza mwili wa mgonjwa, na fedha unayotoa ni gharama ya kulitafutia jibu. Asiyeambiwa swali hawezi kujua analipia nini.

Tuichukue fomu ya mtu mwenye homa, iliyo ya kawaida kuliko zote. Mstari wa kwanza huwa ni malaria, ama kwa kipimo cha haraka, ama kwa tone la damu kwenye kioo cha hadubini. Swali lake ni jepesi: je, vimelea vimo kwenye damu sasa hivi? Mkojo unauliza kama kuna maambukizi kwenye njia ya mkojo, kama sukari inapita, kama figo zinavujisha protini. Choo kinauliza habari za minyoo, amiba na mayai ya kichocho, jambo lisilo dogo kwa anayeishi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika au bonde la Rukwa. Picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP, inauliza mambo mengi kwa mpigo: wingi wa damu, hali ya chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na idadi ya chembe zinazogandisha damu. Haikutajii ugonjwa kwa jina. Inamwonyesha tabibu upande wa kutazama.

Halafu kuna Widal. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu fedha nyingi za watu wetu hupotelea hapa. Kipimo hiki kina jina la Mfaransa Fernand Widal, aliyekitangaza mwaka 1896, na kinatafuta kingamwili za taifodi katika damu. Kingamwili ni alama ambazo mwili huziweka baada ya kupambana na kijidudu. Tatizo ni kwamba alama hizo hubaki muda mrefu baada ya mtu kupona, na nyingine hutokana na vijidudu vya jamii ya jirani visivyo vya taifodi. Kwa hiyo, mahali ambapo watu wengi wamekutana na vijidudu hivyo maishani, Widal moja peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba homa ya leo ni taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, nacho kinahitaji siku kadhaa, vifaa na mikono iliyofunzwa. Ndiyo maana unakuta mtu ameambiwa ana taifodi mara nne ndani ya mwaka mmoja, kila mara akalipia kipimo, kila mara akalipia dawa. Ukiuona mstari huo kwenye fomu yako, muulize aliyeuandika: jibu likija chanya utaamini kwamba naumwa taifodi kwa sababu gani nyingine? Tabibu mzuri hachukizwi na swali hilo.

Sisemi vipimo vipunguzwe. Kutibu bila kupima kunagharimu zaidi. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa mahututi 4,474 waliolazwa kwa kuambiwa wana malaria, walioonekana na vimelea kwenye damu walikuwa asilimia 46.1 tu. Waliobaki, zaidi ya nusu, walikuwa na kitu kingine, na baadhi yao hawakupewa dawa ya kitu hicho. Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya dawa, kila inapowezekana. Sisi wa nyanda za juu tuna sababu ya ziada ya kulifuata agizo hilo. Huku juu Sumbawanga ni baridi, mbu wa malaria hawaneemeki kama kule bondeni Muze na Ilemba, au pwani ya ziwa, Kirando na Kasanga. Homa ileile ya mtu wa mjini na ya mtu aliyepanda jana kutoka bondeni zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa, na jicho la mtu haliwezi kuzitenganisha.

Hapa ndipo penye lile lalamiko ninalolisikia kuliko yote: "Nimelipa bure, hawajaona kitu." Nalielewa. Mtu ametoa fedha, ametobolewa kidole, amesubiri saa tatu kwenye benchi, kisha anapewa karatasi yenye maneno "hakuna vimelea". Anahisi ameuziwa kikapu kitupu. Lakini angalia kilichotokea: swali limeulizwa, limejibiwa, na njia moja imefungwa. Sasa hatanunua dawa ya malaria asiyoihitaji, wala hatakaa siku tatu akingoja dawa hiyo imtibu nimonia. "Hakuna" ni jibu lililofanyiwa kazi sawasawa na "ipo": kitendanishi ni kilekile, hadubini ni ileile, na mtaalamu alikaza macho muda uleule au zaidi, maana kuhakikisha kwamba kitu hakipo kunataka subira kuliko kukiona.

Vipimo vyenyewe si vya zamani sana. Daktari Laveran aliviona vimelea vya malaria mwaka 1880 akiwa Algeria, na Daktari Koch akatangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Katika miaka hiyohiyo kijana mmoja aliyezaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kulelewa hukohuko Algeria, alipelekwa Malta kusomea udaktari. Jina lake Adrian Atiman. Alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Dkt. Atiman hapa Sumbawanga imebeba jina lake. Namtaja kwa sababu wanafunzi wangu hudhani elimu hii imeletwa juzi na mradi fulani, kumbe eneo letu lilikuwa na tabibu aliyesomea kazi yake katika miaka ileile vijidudu vilipoanza kuonekana.

Je, malipo yaliingiaje? Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitoa huduma bila malipo, na mwaka 1977 matibabu ya kibiashara yakapigwa marufuku. Uchumi ulipobana, marufuku iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999, na Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Wazee wetu wanaosema "zamani tulikuwa tunatibiwa bure" hawasimulii ndoto.

Sasa, bei inajengwa na nini? Damu ni yako, hailipiwi. Kinacholipiwa ni vitendanishi, ambavyo vingine lazima vikae kwenye baridi tangu bohari hadi rafu ya maabara, na vikipita tarehe hutupwa hata kama havijafunguliwa. Unalipiwa umeme, na matengenezo ya mashine, na sampuli za kujaribia ambazo mtaalamu huzipima kila siku ili ajue mashine haijaanza kudanganya. Mashine inayopima watu mia kwa siku hugawa gharama hizo kwa watu mia. Inayopima sita huzigawa kwa sita. Ni sababu mojawapo ya kipimo kilekile kuwa ghali mahali penye watu wachache, na ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kusafirishwa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, au Dar es Salaam.

Lakini bili ya dirishani si bili yote. Chukua hesabu ya kubuni: kipimo shilingi 10,000, nauli ya kutoka kijijini na kurudi 16,000, chakula cha mgonjwa na msindikizaji 6,000. Kipimo ni chini ya theluthi ya gharama ya siku hiyo, na sijaihesabu kazi ya shamba iliyolala. Akiambiwa arudi kesho kwa kuwa mtaalamu ameshaondoka, nauli na chakula vinalipwa tena. Akihamia hospitali nyingine bila karatasi ya majibu, damu hutolewa upya na kulipiwa upya. Ukilinganisha na hayo, kuyatunza majibu kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ni kinga ya fedha ambayo haimgharimu mtu kitu.

Kuna pia suala la msimu, ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa mishahara havilioni. Homa nyingi huja na mvua, mahindi yakiwa bado machanga. Fedha huja baada ya mavuno, wakati wa kiangazi na baridi. Yule mama wa Januari hakuwa maskini wa mwaka mzima, alikuwa maskini wa Januari. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulipoanza mwaka 2018, ulitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na tangu siku ile ya foleni nimeamini kwamba mchango wowote wa namna hiyo unapaswa kukusanywa Ufipa gunia likiwa mizanini, si mbolea ikiwa inatafutwa.

Kuhusu kulipa kwenyewe sina maneno mengi. Katika hospitali ya serikali utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo watu huiita kontrol namba, ulipe kwa simu, benki au wakala. Fedha iingie kwenye namba hiyo, isiingie mfukoni mwa mtu, na risiti iorodheshe kila kipimo kwa jina. Maabara binafsi iwe imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Usione haya kuuliza cheti chake kiko ukuta gani. Mwenye bima asisaini fomu ya madai iliyo tupu: vipimo vinavyoandikwa pale viwe vile alivyopimwa, basi. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha katika vituo vya umma kwa sera ya serikali. Asiyeweza kulipa aende kwa ofisa ustawi wa jamii na barua ya serikali yake ya kijiji au mtaa, na aende kabla ya kukata tamaa na kuondoka.

Mjukuu wa yule mama alikuwa na umri wa miaka saba, kwa hiyo msamaha wa watoto haukumhusu. Bibi alirudi chumba cha daktari, akakaa humo dakika chache. Alipotoka, fomu ilikuwa na mistari mitatu badala ya mitano, na noti zake zilitosha. Daktari hakumfanyia hisani. Aliulizwa maswali yake yalikuwa yapi, akaona mawili yangeweza kungoja majibu ya yale matatu.

Nina wasiwasi zaidi na wale ambao hawafiki dirishani kabisa, wanaobaki nyumbani kwa kuogopa bili ambayo haipo. Kipimo cha makohozi kwa ajili ya kifua kikuu hakilipiwi katika vituo vya serikali, wala dawa zake. Kipimo cha virusi vya UKIMWI pia hakilipiwi. Kama nyumbani kwako kuna mtu amekohoa wiki mbili, mpeleke kesho asubuhi.