Rangi Isiyotajwa: Riwaya ya The Giver Katika Sinema

Kusudi la makala hii ni kuchungua jambo moja litokealo riwaya inapogeuzwa kuwa filamu: ni kipi kinachovuka kutoka ukurasani hadi katika picha, na ni kipi kisichovuka. Mfano wetu ni The Giver, riwaya ya vijana iliyotungwa na Mmarekani Lois Lowry mwaka 1993, ikatunukiwa Nishani ya Newbery mwaka 1994, na kufanywa filamu chini ya uongozi wa Phillip Noyce mwaka 2014. Ni riwaya ya distopia, yaani hadithi ya nchi ya kubuni iliyopangwa kwa unadhifu mwingi hata ikawa gereza la watu wake. Tumeichagua kwa sababu kuta za gereza hilo ni za lugha.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Jonas anaishi katika jamii isiyojua njaa, vita wala ugomvi. Wakubwa wa jamii humpangia kila mtu kazi na mwenzi wa ndoa, na kumgawia watoto. Jonas atimizapo miaka 12 anapewa kazi ya kupokea kumbukumbu za kale, ambazo mzee mmoja peke yake amezihifadhi kwa niaba ya wote. Kwa kumbukumbu hizo anatambua yale ambayo watu wake waliyaacha ili wapate amani: theluji, rangi, upendo, na hata maumivu.

Tuanze na rangi. Kwa kurasa nyingi mwandishi hasemi kwamba nchi hiyo haina rangi. Anaacha tu kuzitaja. Msomaji hashtuki, kwani ni desturi yake kujichorea mwenyewe yasiyosemwa: nguo azipa rangi yake, na majani yake. Kisha tufaha linalorushwa hewani linabadilika kidogo machoni pa Jonas, naye hajui limebadilikaje. Baadaye nywele za rafiki yake Fiona nazo zinabadilika. Mwisho mzee anampa neno: wekundu. Hapo ndipo msomaji anapong'amua kwamba rangi zote alizozichora hazikuwapo, na kwamba yeye naye amekaa gizani pamoja na Jonas bila ya kujijua. Kazi hiyo yote imefanywa na kimya cha mwandishi.

Picha haina kimya cha namna hiyo. Nguo ikionyeshwa, hapana budi iwe na rangi au isiwe nayo, na jicho hupata jibu papo hapo. Noyce aliifungua filamu kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, akaziingiza rangi nyingine pole pole kadiri Jonas anavyopokea kumbukumbu. Huo ni ufumbuzi wa busara, na ni vigumu kuwaza mwingine. Lakini gharama yake ni kubwa: tangu dakika ya kwanza mtazamaji analijua lile asilolijua Jonas. Msomaji alikuwa kipofu pamoja na kipofu. Mtazamaji ni mwenye macho anayemwonea kipofu huruma. Funzo la kitabu, kwamba hata sisi twaweza kunyang'anywa kitu tusitambue, linadhoofika.

Sasa tutazame neno. Jamii ile hutumia kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kumfungulia au kumwachilia mtu. Wazee huachiliwa baada ya sherehe. Watoto wachanga walio dhaifu huachiliwa. Wakosaji nao vile vile. Ni wachache waulizao wanakwenda wapi. Siku moja Jonas anaonyeshwa picha ya baba yake akipima uzito wa mapacha wawili, kisha akimdunga sindano yule mdogo mpaka anakufa. Siri hii imevuka salama hadi katika filamu, kwa sababu neno husikika, na sikio hudanganyika sawasawa na msomaji. Tena hapa sinema imepata nguvu isiyopatikana kitabuni: sauti ya upole ya baba na tendo la mkono wake vyatufikia kwa wakati mmoja. Ajabu ni kwamba jamii hiyo hiyo huwakanya watoto wasitumie maneno ovyo. Jonas anapowauliza wazazi wake kama wanampenda, anaambiwa kwamba neno hilo halina maana maalumu. Ni watu wasahihishao maneno madogo ili lile kubwa lisichunguzwe.

Mabadiliko mengine ya filamu hayahitaji maelezo marefu. Umri wa Jonas umeongezwa, mapenzi yake na Fiona yamekuzwa, na mwisho ambao kitabu kiliuacha katika shaka umeelekezwa kwenye matumaini.

Mambo haya mawili yamfaa pia yeyote atakayekusudia kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili. Kwa kile kitenzi, "kufariki" na "kuaga" hayafai: asili yao ni kuachana, lakini kwetu yamekwisha kunuka mauti. Napendekeza "kuruhusiwa", neno tulitumialo mgonjwa anapotoka hospitali kurudi kwa jamaa zake. Lina furaha ya kweli ndani yake, na kwa hiyo litaficha vizuri zaidi.

Kwa upande wa rangi, mfasiri atafute kimya kile kile, nacho si chepesi katika lugha yetu. Akiandika kwamba watoto walicheza "peupe", au kwamba kulikucha "kweupe", amekwisha kuingiza rangi katika nchi isiyo na rangi, kabla ya Jonas kuiona. Bahati yake ni kwamba rangi ya kwanza ya Jonas ni nyekundu. Majina mengi ya rangi zetu yameazimwa kwa vitu, kama kijani, kahawia, manjano na zambarau. Bali -eupe, -eusi na -ekundu ni vivumishi halisi vipokeavyo viambishi vya ngeli. Mzee ataweza kusema "tufaha jekundu" na "nywele nyekundu", na Jonas atasikia shina moja likivaa ngeli mbili: sifa iliyo mbali na vitu vyenyewe.

Basi yaliyo katika neno huvuka hadi katika sinema, na pengine hukua. Yaliyo katika kimya hubaki kitabuni. Anayetaka kuyapata hana budi kusoma, tena asome kabla ya kutazama.