Hatuna Theluji, Lakini Njia Tunazo!

Mwaka 1998, kule Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alivaa vibao virefu miguuni, akashika fimbo mikononi, akateleza kwenye theluji kilometa 10. Alikuwa mkimbiaji wa mbio za kawaida, na theluji alianza kuizoea miaka miwili tu kabla. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri akamkumbatia.

Unasema, "Sasa mimi wa Morogoro inanihusu nini?" Inakuhusu! Mchezo ule ni kupanda na kushuka kwa muda mrefu huku moyo ukidunda. Kule mashine hushindilia theluji iwe njia. Hapa Uluguru njia zimeshindiliwa na miguu ya akina mama wanaoshusha ndizi na mboga sokoni.

Uende wapi?

Kama ndiyo unaanza, nenda Rock Garden, pale chini ya mlima. Ukishazoea, panda Morningside, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani. Tenga nusu siku. Wenye mazoezi wanaenda Bondwa, penye minara, au Lupanga. Vilele vyote viwili vina zaidi ya mita 2,100, na njia ya Lupanga ni kali, tena inateleza. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, kwa hiyo pata kwanza kibali ofisi ya misitu na mtu wa kukuongoza.

Mwili unapata nini?

Shirika la Afya Duniani linashauri vijana hadi miaka 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kupanda mlima kunaimarisha moyo, mapafu na mifupa. Usiku unalala vizuri, na mawazo ya mtihani yanapungua. Kipimo ni rahisi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

"Lakini mimi ni msichana..."

Ndiyo, na una moyo na mapafu pia! Hedhi haikatazi kutembea. Kama unajisikia vizuri, nenda. Nyumbani wakikataa, usitoroke. Waeleze mnakwenda wangapi, wapi, na mtarudi saa ngapi. Hofu yao mara nyingi ni usalama wako. Na wewe jihadhari: mtu akitaka muende wawili tu, tena akisema "usimwambie mtu", hapo hakuna mazoezi. Kataa, halafu mwambie mtu mzima unayemwamini. Hili linawahusu wavulana pia.

Kabla hujatoka

• Nendeni kikundi, asubuhi; rudini kabla ya giza.
• Beba maji yaliyochemshwa. Maji ya kijito yanaonekana safi, lakini yanaweza kukupa homa ya matumbo.
• Vaa viatu vinavyoshika ardhi. Masika, Machi hadi Mei, njia ni utelezi mtupu.
• Una pumu au tatizo la moyo? Muone daktari kwanza.
• Takataka zako rudi nazo. Maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa hadi Dar es Salaam, yanaanzia huku.

Ukikutana na bibi ana mzigo kichwani, mpishe njia, mwambie "Shikamoo". Yeye anapanda mlima huo miaka yote. Na ukifika wa mwisho kwenye kikundi, usione haya. Umefika!