WALIOFAULU MTIHANI MARA MBILI

Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Lakini kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi wengi huisahau methali hiyo. Huitazama orodha ya shule toka juu hadi chini, kisha wakakata shauri upesi: shule fulani ni ya watoto wenye akili, na shule fulani ni ya watoto wa wanyonge, basi isitarajiwe kitu. Mzazi akaaye kambini au katika nyumba za polisi huyasikia maneno hayo mara nyingi, kwa kuwa mwanawe hubadili shule kila baba anapohamishwa kituo.

Ndugu msomaji, leo tuitazame shule moja ya mbali ambayo habari zake zaweza kutufumbua macho.

SHULE YA WATOTO WA VIBARUA

Shule ya sekondari ya Garfield ipo mashariki mwa Los Angeles, Marekani. Ni shule ya serikali, nayo ilifunguliwa mwaka 1925. Kwa miaka mingi karibu wanafunzi wake wote wamekuwa wa asili ya Mexico, wengi wao wakiwa watoto wa vibarua na wafanyakazi wa viwandani, ambao nyumbani husema Kihispania.

Mwezi Machi 1968, wanafunzi wa Garfield na wenzao wa shule za jirani walitoka madarasani wakaandamana. Walilalamika kwamba madarasa yamejaa kupita kiasi, kwamba walisukumwa kwenye kazi za mikono bila kupimwa uwezo wao, na kwamba waliadhibiwa kwa kusema Kihispania shuleni. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake hana haja ya kuelezwa uchungu wao.

Mwaka 1974 alifika hapo mwalimu aliyeitwa Jaime Escalante, mzaliwa wa La Paz, Bolivia. Kwao alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati, lakini alipohamia Marekani vyeti vyake havikutambuliwa. Ilimpasa apige deki mkahawani, ajifunze Kiingereza na kusoma upya, ndipo akaruhusiwa kushika chaki tena.

Mwaka 1978 alianzisha darasa la kalkulasi, yaani tawi la hisabati linalochunguza mabadiliko, kama vile kasi ya gari linaloondoka au njia ya kombora angani. Mtihani wake ni wa kiwango cha chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa watano tu, na waliofaulu ni wawili. Mwaka uliofuata walifaulu saba kati ya tisa, na mwaka 1981 walifaulu 14 kati ya 15.

KARATASI ILIYOPITA KWA SIRI

Mwaka 1982 wanafunzi 18 waliufanya mtihani huo, wakafaulu wote. Furaha haikudumu. Wasimamizi wa mtihani waliona makosa yanayofanana katika majibu, wakawatuhumu wanafunzi 14 kwamba walinakiliana. Escalante alilalamika kwamba wanawe walishukiwa kwa sababu ya majina yao na mtaa watokako. Wanafunzi 12 walikubali kufanya mtihani mpya, baada ya likizo ndefu na kwa siku chache za kujikumbusha. Wote 12 wakafaulu.

Hapa hapana budi kusema kweli yote. Baadaye wawili kati yao walimweleza mwandishi wa habari Jay Mathews kwamba, katika ule mtihani wa kwanza, karatasi yenye jibu la swali moja ilipitishwa kwa siri. Basi shaka haikuzuka bure. Lakini jibu lile la karatasi lilikuwa na makosa! Kilichoibwa kiliwaletea aibu. Walichojifunza wenyewe ndicho kilichowaokoa. Laiti wangalitegemea wizi, mtihani wa pili ungaliwaumbua.

SI MUUJIZA

Habari hizo zilitengenezewa filamu mwaka 1988. Aitazamaye aweza kudhani kwamba mwalimu mmoja hodari aliwageuza wajinga kuwa mabingwa kwa mwaka mmoja. Sivyo. Tangu mwalimu aingie shuleni mpaka siku ile ilipita miaka minane. Masomo yalipangwa upya tangu madarasa ya chini, kwa kuwa asiyejua sehemu na aljebra hawezi kalkulasi. Wanafunzi walifika mapema kabla ya kengele, wakasoma hata wakati wa likizo. Mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliwaunga mkono walimu na kurudisha nidhamu.

Mwaka 1987 waliofaulu kalkulasi walifika 85. Mwaka huo huo Gradillas aliondoka, na mwaka 1991 Escalante naye akaondoka, baada ya mivutano iliyohusu pia wingi wa wanafunzi darasani mwake. Idadi ya waliofaulu ikashuka sana. Watoto walikuwa wa mitaa ile ile na wazazi wa kazi zile zile. Kilichobadilika ni mafundisho. Kama asili ya mtoto ndiyo inayoamua alama zake, mbona alama zilipanda na kushuka, ilhali asili ilibaki pale pale?

LILILO MIKONONI MWETU

Mzazi hawezi kumchagulia mwanawe mwalimu, wala askari hajichagulii kituo. Hata hivyo yapo yanayowezekana. Unapohamishwa, usiache madaftari ya mtoto nyuma. Yapeleke kwa mwalimu mpya ili aone walipofikia katika kila somo. Usiulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Uliza, "Ni lipi ambalo hukulielewa?" Mtoto asiyejua kugawanya leo atalia mbele ya aljebra kesho kutwa, na hapo watu watasema hana akili.

Wala tusimnunulie mtoto karatasi ya majibu. Iko siku atauliziwa ukumbini peke yake, mbele ya watu wanaomshuku, na siku hiyo atakuwa na kile tu alichojifunza.