Kutoka Makubaliano ya Pande Mbili hadi Imani ya Mtu Mmoja: Safari ya Kitaaluma ya Denise Rousseau katika Uchunguzi wa Mahusiano ya Ajira

Ikisiri

Makala hii inafafanua safari ya kitaaluma ya Denise M. Rousseau, mtaalamu wa Kimarekani wa mwenendo wa watu katika mashirika, kwa kuzingatia mchango wake katika uchunguzi wa mahusiano ya ajira. Hoja kuu ni kwamba uamuzi alioufanya mwaka 1989, wa kuuweka mkataba wa kisaikolojia katika fikra za mtu mmoja badala ya kuuweka baina ya pande mbili, ndio uliowezesha dhana hiyo kupimwa. Hata hivyo, uamuzi huohuo uliacha deni la kinadharia kuhusu upande wa mwajiri. Kazi zake za baadaye zinasomwa hapa kama hatua za kulipa deni hilo. Makala inahitimisha kwa kuonesha tahadhari zinazowahusu watafiti wanaoitumia dhana hii kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtu anapoajiriwa hutia saini waraka unaotaja mshahara, saa za kazi, likizo na utaratibu wa kuachana. Waraka huo hausemi yote. Hausemi kwamba meneja aliyemsaili alimdokezea kuwa baada ya miaka miwili angepandishwa cheo. Hausemi pia kwamba mwajiriwa amekubali moyoni mwake kubaki kazini hadi jioni bila malipo ya ziada, kwa kuwa anaamini juhudi hiyo itakumbukwa. Miaka miwili ikipita na cheo kisipatikane, hakuna kifungu kilichovunjwa, lakini mwajiriwa hujiona amedhulumiwa. Je, deni hilo lipo wapi, nani analitambua, na linaweza kuchunguzwa kwa njia gani? Maswali haya ndiyo yaliyotawala sehemu kubwa ya kazi za Rousseau.

Rousseau alihitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1977, akiwa amebobea katika saikolojia ya kazi. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini kilichopo Monterey, na katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon jijini Pittsburgh katika miaka ya 1990. Mwaka 1985 alichapisha makala kuhusu viwango vya uchanganuzi katika utafiti wa mashirika. Ndani yake alionya kwamba jambo lililopimwa kwa mtu mmoja haliwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa sifa ya kundi au ya shirika zima. Onyo hilo linafaa kukumbukwa, kwa kuwa linagusa moja kwa moja ukosoaji ulioelekezwa baadaye kwenye kazi yake mwenyewe.

2.0 Usuli wa Dhana

Rousseau hakuiasisi dhana ya mkataba wa kisaikolojia. Argyris (1960) aliitumia kueleza maafikiano yasiyotamkwa kati ya wasimamizi wa viwandani na wafanyakazi walio chini yao: msimamizi akiheshimu desturi za wafanyakazi, nao huzalisha vizuri na kupunguza malalamiko. Levinson na wenzake (1962), waliowachunguza wafanyakazi 874 wa shirika moja, waliueleza mkataba huo kuwa ni jumla ya matarajio ya pande zote mbili, ambayo mengine wahusika wenyewe hawayatambui waziwazi. Schein (1965) naye alisisitiza kuwa matarajio ya mfanyakazi na yale ya shirika sharti yalingane ili uhusiano udumu.

Wataalamu hao walikubaliana katika jambo moja: mkataba una pande mbili. Hata hivyo, fasili zao hazikutoa njia ya wazi ya kuupima. Shirika halina akili moja inayoweza kuulizwa linatarajia nini, na matarajio yasiyotambuliwa hayawezi kukusanywa kwa hojaji. Kwa hiyo, kwa takribani miongo miwili dhana hii ilitajwa vitabuni bila kuzaa utafiti mwingi wa kitakwimu.

3.0 Uamuzi wa Mwaka 1989

Katika makala yake ya mwaka 1989, Rousseau aliufasili mkataba wa kisaikolojia kuwa ni imani za mtu binafsi kuhusu masharti ya mabadilishano baina yake na upande mwingine. Msingi wa imani hizo ni ahadi, iwe imetamkwa au imedokezwa, pamoja na kitu ambacho mhusika anaamini amekitoa ili kustahili ahadi hiyo. Fasili hii ilileta mabadiliko mawili. Kwanza, matarajio ya jumla yaliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na wajibu unaotokana na ahadi. Pili, shirika liliacha kuhesabiwa kuwa upande wenye mkataba wa kisaikolojia wa kwake. Shirika hutoa mazingira ambamo imani hujengeka, lakini anayeamini ni mtu.

Katika makala hiyohiyo Rousseau alitofautisha mkataba wa kisaikolojia na mkataba unaodokezwa na mazoea. Mkataba huu wa pili hauishi katika fikra za mwajiriwa, bali katika uhusiano wenyewe kama unavyoonekana kwa mtu wa nje, kwa mfano jaji. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito katika Marekani ya wakati ule. Kanuni ya jumla ya sheria ilimruhusu mwajiri kumwachisha kazi mwajiriwa asiye na mkataba wa muda maalumu bila kutoa sababu. Hata hivyo, mahakama za baadhi ya majimbo zilikuwa zimeanza kutambua kuwa kauli za sera za mwajiri zinaweza kumfunga. Mwaka 1980, katika shauri la Toussaint, Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kwamba kauli za aina hiyo zinaweza kumpa mwajiriwa haki ya kutoachishwa bila sababu ya msingi. Mstari kati ya imani ya moyoni na wajibu unaotambuliwa na wengine ulikuwa, basi, ndio mstari kati ya kubaki na malalamiko na kuwa na haki ya kudai.

4.0 Upimaji na Matokeo Yake

Baada ya mkataba kuwekwa katika fikra za mtu mmoja, hojaji iliwezekana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, Rousseau aliwauliza wahitimu wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, waliokuwa ndiyo kwanza wameajiriwa, wanaamini waajiri wao wanawajibika kuwapa nini na wao wanawajibika kutoa nini. Majibu yalidhihirisha makundi mawili. La kwanza ni mkataba wa kimuamala, ambao hubadilisha malipo ya juu kwa juhudi kubwa. La pili ni mkataba wa kimahusiano, ambao hubadilisha uhakika wa ajira kwa uaminifu. Katika kitabu chake cha mwaka 1995, kilichotunukiwa tuzo ya kitabu bora na Academy of Management, aliongeza aina mbili: mkataba wenye mizania, ambao ni wa muda mrefu na una viwango bayana vya utendaji, na hali ya mpito, ambapo muda ni mfupi na wajibu haueleweki.

Robinson na Rousseau (1994) waliwafuatilia wahitimu 128 tangu walipoajiriwa hadi miaka miwili baadaye. Asilimia 54.8 kati yao walieleza kuwa mwajiri alikuwa amevunja ahadi. Kwa hiyo, uvunjaji wa ahadi ulionekana kuwa jambo la kawaida zaidi kuliko kutimizwa kwake. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, ambao Robinson aliufanya pamoja na Kraatz na Rousseau, ulibaini kuwa kadiri muda ulivyopita waajiriwa waliuona wajibu wao kwa mwajiri ukipungua, huku wakiuona wajibu wa mwajiri kwao ukiongezeka.

Matokeo hayo yalitoka katika kipindi ambacho kampuni kubwa za Marekani zilikuwa zikipunguza wafanyakazi. IBM, iliyojulikana kwa desturi ya kutoachisha watu kazi, iliachana na desturi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wasomaji walipata katika kazi za Rousseau msamiati wa kueleza hasara ambayo sheria haikuitaja.

Watafiti wengine waliiendeleza dhana hii. Morrison na Robinson (1997) walitenganisha utambuzi kwamba ahadi haikutimizwa na hisia za kusalitiwa zinazoweza kufuata utambuzi huo. Zhao na wenzake (2007) walijumlisha matokeo ya tafiti 51 na kuonesha kuwa uvunjaji wa ahadi unahusiana na hisia, mitazamo na utendaji wa wafanyakazi. Hata hivyo, hawakuona uhusiano wa kitakwimu kati yake na kuacha kazi kwenyewe. Hivyo, haifai kuchukulia kwamba mwajiriwa aliyevunjiwa ahadi ataondoka. Huenda akabaki kazini huku uhusiano wake na mwajiri umekwisha kubadilika.

5.0 Deni la Kinadharia

Guest (1998) alihoji iwapo dhana hii inastahili kuchukuliwa kwa uzito. Alidai kuwa matarajio, ahadi na wajibu vimechanganywa, na kwamba haifai kuita mkataba kitu ambacho upande mmoja haujakikubali, pengine hata haukijui. Rousseau alimjibu mwaka huohuo kwa kutetea tofauti kati ya wajibu na matarajio. Cullinane na Dundon (2006) waliongeza hoja ya mamlaka: mwajiri na mwajiriwa hawakutani wakiwa na nguvu sawa, na nadharia inayoanzia kwenye imani ya mtu inaweza kuuficha ukweli huo.

Ukosoaji huu una msingi. Ikiwa mkataba ni imani ya mwajiriwa peke yake, mwajiri anaweza kujitetea kwamba hakuahidi chochote na kwamba mwajiriwa alijidanganya. Fasili iliyoipa sauti dhuluma isiyoandikwa inaweza pia kutumiwa kuigeuza dhuluma hiyo kuwa kasoro ya fikra za mlalamikaji. Hapa ndipo onyo la mwaka 1985 linapomrudia Rousseau: kipimo cha mtu mmoja hakitoshi kuuthibitisha uhusiano wa watu wawili.

6.0 Hatua za Kulilipa

Hatua ya kwanza ni utafiti wa Dabos na Rousseau (2004) uliokusanya maoni ya jozi 80 za waajiriwa na wawakilishi wa mwajiri katika vituo 16 vya utafiti vya vyuo vikuu. Watafiti hao walianza kwa kubaini ni nani hasa anayeahidi kwa niaba ya chuo, wakawatambua wakurugenzi wa utafiti. Kisha walipima mambo mawili: mwafaka, yaani pande mbili kukubaliana kuhusu masharti yenyewe, na kulipana, yaani kila upande kuuona wajibu wake unalingana na wa mwenzake. Yote mawili yalihusiana na tija ya kitafiti na maendeleo ya kikazi, kwa mujibu wa kumbukumbu za vituo na si maelezo ya wahojiwa pekee.

Hatua ya pili ni kitabu cha mwaka 2005 kuhusu makubaliano mahsusi, yaani masharti yasiyo ya kawaida ambayo mwajiriwa mmoja huyajadili na mwajiri wake, kama vile ratiba tofauti au mafunzo ya ziada. Hapa makubaliano ni ya pande mbili tangu mwanzo, na mtu wa tatu huingia katika nadharia: mfanyakazi mwenza ambaye hakupewa. Rousseau anayatofautisha makubaliano hayo na upendeleo kwa kigezo kwamba ni lazima yamnufaishe mwajiriwa na mwajiri pia. Uhalali wake mbele ya wenzake hutegemea uwazi.

Hatua ya tatu inatoka katika uongozi wake wa Academy of Management mwaka 2004 hadi 2005. Hotuba yake ya urais, iliyochapishwa mwaka 2006, ilitetea usimamizi unaozingatia ushahidi. Tangu hapo alishiriki kuasisi kituo cha kuendeleza mtazamo huo na kuhariri kitabu kikubwa cha marejeleo kilichotoka mwaka 2012. Hatua hii inaweza kuonekana kuwa kando ya mada, lakini swali ni lilelile: meneja anayeamua mambo ya watu anadaiwa nini nao? Jibu lake ni kwamba anadaiwa sababu zinazoweza kukaguliwa.

7.0 Tahadhari kwa Watafiti wa Kiswahili

Tahadhari tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni ya kiistilahi. Methali isemayo ahadi ni deni inaunganisha mambo mawili ambayo fasili ya Rousseau inayahitaji, yaani ahadi na wajibu unaotokana nayo. Matarajio hayamo katika methali hiyo, kwa kuwa anayetarajia tu hana anayemdai. Hivyo, hojaji inayouliza “unatarajia mwajiri akupe nini” haipimi kitu kimoja na ile inayouliza “mwajiri anawajibika kukupa nini kutokana na alivyokuahidi”.

Ya pili ni ya kimbinu. Data zilizokusanywa kwa waajiriwa pekee zinaeleza imani zao. Hazithibitishi kuwapo kwa makubaliano, wala hazimwondolei mwajiri lawama.

Ya tatu inahusu sampuli. Tafiti za mwaka 1990 na 1994 ziliwahusu wahitimu wa usimamizi wa biashara wa Marekani, watu wenye nafasi ya kuchagua waajiri. Mtafiti anayechunguza vibarua hana budi kuthibitisha upya kama aina zilezile za mikataba zinajitokeza, badala ya kuzichukua kama zilivyo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba Rousseau aliifanya dhana iliyokuwa ikitajwa tu ianze kupimwa, kwa gharama ya kuuacha upande mmoja wa uhusiano nje ya kipimo. Miaka iliyofuata aliurejesha upande huo hatua kwa hatua, kupitia mwafaka, makubaliano mahsusi na ushahidi. Mtafiti anayenukuu fasili ya mwaka 1989 bila kuzingatia kazi hizo za baadaye anachukua nusu ya hoja. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua iwapo mwajiriwa asiye na karatasi mkononi atahesabiwa kuwa anadai haki au kuwa amejitungia ahadi.