Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka usiku wa manane tu, maumivu yakiwa yamekwisha kufika. Nalo ni dharura za meno, na namna ya kuzizuia.

Watu hudharau jino. Husema, "Ni jino tu, mengine si yapo?" Lakini katika Sheria ya Musa iliamriwa kwamba bwana akimpiga mtumwa wake na kumng'oa jino, amwache huru kwa ajili ya jino hilo. Basi jino moja lilipewa uzito wa uhuru wa mtu! Wazee wetu wa pwani nao walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Walijua kuwa la kuchonga halilingani na lile tulilopewa na Mungu.

Tuanze na ajali. Mtoto anacheza mpira, anagongana na mwenzake. Mwingine anaanguka kutoka mwembeni. Kijana anaanguka na bodaboda penye barabara kuu. Jino la mbele limetoka zima, pamoja na mzizi wake. Tufanyeje?

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe. Ikiwa amezimia, anatapika, au taya haifungi sawasawa, apelekwe hospitali mara moja. Uhai ni mbele ya jino.

Pili, tujue ni jino gani. Meno ya utotoni ni 20, nayo huanza kung'oka mtoto afikapo miaka 6 hivi. Jino la utotoni likitolewa na ajali lisirudishwe, kwa maana laweza kuliharibu la ukubwani linalokua chini yake. Lakini jino la ukubwani likirudishwa upesi laweza kushika tena. Kuzunguka mzizi wake pana utando mwembamba ulio hai, ambao ndio unaolishika jino katika mfupa. Utando huo ukikauka hufa. Baada ya saa moja katika hali ya ukavu, sehemu kubwa yake huwa imekwisha kufa.

Sasa fikirini safari ya kutoka Jomvu Kuu hadi Hospitali Kuu ya Pwani, kule kisiwani. Kuna malori ya bandarini barabarani, kuna Changamwe, kuna Makupa. Nusu saa yaweza kuishia njiani. Kwa sababu hiyo kazi ya kuliokoa jino ianzie pale pale lilipoanguka, mikononi mwa mama, mwalimu, au jirani aliyekuwapo.

Liokoteni jino kwa kulishika upande wa kutafunia, msiuguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuzeni kwa maji safi kidogo, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi tu. Msilisugue, wala msilipanguse kwa kitambaa, wala msilitie sabuni au dawa yo yote. Kisha lirudisheni katika tundu lake, uso wake ukitazama mbele kama meno mengine, na mgonjwa aume kitambaa safi ili lisitoke. Halafu mwende kwa daktari wa meno bila kukawia. Yeye atalifunga na meno ya jirani kwa muda wa wiki mbili hivi, na kuangalia kama mzizi unahitaji matibabu zaidi.

Na ikiwa haiwezekani kulirudisha? Litieni ndani ya maziwa baridi ambayo hayajaganda, yale ya dukani au ya ng'ombe wa jirani. Mtindi haufai, kwa kuwa una uchachu. Hapana maziwa? Mgonjwa ateme mate katika kikombe kisafi, jino litiwe humo. Msilifunge katika karatasi likauke, wala msiliache katika maji matupu. Sisi watu wa minazi twaweza kuuliza juu ya maji ya dafu. Wataalamu wameyachunguza, na majibu yao hayakukubaliana. Basi maziwa yapewe nafasi ya kwanza. Na ikiwa jino lilianguka udongoni, mwulizeni daktari juu ya chanjo ya pepopunda.

Jino likivunjika tu, kitafuteni kipande mwende nacho. Mara nyingi huweza kugandishwa tena.

Dharura ya pili huja polepole, nayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Tundu dogo la jino huachwa mwezi baada ya mwezi. Likiuma, mtu huweka karafuu, likinyamaza, husahau. Karafuu hutuliza kweli, lakini haizibi tundu. Vidonge vichache vya duka la dawa navyo haviondoi uozo ulio ndani ya mzizi. Kunyamaza kwa jino mara nyingine ni kwamba mshipa wake wa fahamu umekufa, na usaha unaendelea kujikusanya chini yake.

Basi shikeni dalili hizi: shavu au taya kuvimba pamoja na homa, uvimbe kushuka chini ya kidevu na shingoni, ulimi kuinuka, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza au kupumua kwa shida. Dalili hizo zikionekana, msingoje asubuhi. Uvimbe huo waweza kuziba njia ya pumzi, na watu wamekufa kwa jino ambalo lingezibwa au kung'olewa kwa muda mfupi.

Mkiwa mnangojea matibabu ya jino linalouma, sukutueni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na mmeze dawa ya maumivu kwa kipimo kilichoandikwa. Msiweke aspirini juu ya ufizi, maana huuchoma. Mafuta ya taa na maji ya betri ni sumu. Yasikaribie kinywa cha mtu.

Kuna na damu baada ya kung'oa jino. Kunjeni kitambaa safi, mkiume kwa nguvu muda wa nusu saa bila kukifungua kila mara kutazama. Siku hiyo msisukutue, msiteme kwa nguvu, wala msivute sigara. Damu isipokoma, rudini hospitali.

Na sasa kinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mswaki wa mti, tuliourithi kwa wazee, husafisha vizuri ukitumiwa kwa bidii hadi meno ya nyuma. Mabuyu ya rangi, kashata na soda visiwe vya kutafunwa na kunywewa mchana kutwa. Kila mara kinywa kikipata sukari, vijidudu hutengeneza asidi, na asidi hiyo hula jino. Vijana wanaotafuna muguka huku wakishushia soda na peremende hulisha uozo kwa saa nyingi mfululizo. Msifungue chupa kwa meno. Na wapanda bodaboda wavae helmeti, abiria pia.

Wazazi wenye watoto wachanga, hatuna budi kuwaonya juu ya kile kinachoitwa katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto akiharisha au akipata homa, hukatwa ufizi ili yatolewe. Kinachotolewa ni chipukizi za meno yake halali, na mtoto huachwa na jeraha, damu na hatari ya pepopunda, hali ugonjwa wake wa kweli haujatibiwa.

Jioni hii, kabla hamjalala, waiteni watoto karibu na taa na mtazame vinywa vyao. Mkiona tundu jeusi, wapelekeni kliniki wiki hii, wakati bado halijauma. Kwaherini, hadi tutakapozungumza tena.