Maji ni ya Mzizi, Si ya Jani

Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua inapoadimika wilayani Tororo, bustani za Merikit huanza kunyauka. Jamaa iliyozoea kuchuma mboga yake nyuma ya nyumba hulazimika kuinunua sokoni. Jambo hili lawahusu vilevile askari wa kambi ya Rubongi na polisi wa mpakani, Malaba na Busia, ambao mishahara yao ina mengi ya kutimiza.

Mara nyingi kosa si uchache wa maji, bali namna yanavyomwagwa. Maji yanayomwagwa kwa ndoo hushuka upesi kuliko udongo unavyoweza kuyanywa. Sehemu hukimbilia njiani na kunywesha magugu, na sehemu hukaushwa na jua. Tena hurusha matope juu ya majani, nayo majani ya nyanya yakikaa na unyevu hushikwa na ukungu.

Dawa yake ni mpira wenye vitundu, utoao maji kidogo kidogo penye shina. Katika miaka ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya iliwaonyesha wakulima wadogo chombo kilichobuniwa na Mmarekani Richard Chapin: ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita 1 juu ya ardhi, ikiunganishwa na mipira 2 yenye urefu wa mita 15 kila mmoja. Hakihitaji bomba wala mashine.

Mwenye mpira mkuukuu wa bustani aweza kujaribu mwenyewe. Na auzibe ncha moja, autoboe kwa sindano iliyopashwa moto kila baada ya sentimita 30, kisha aulaze juu ya tuta lililosawazishwa. Mpira usiwe mrefu mno, kwani vitundu vya mwisho vitakosa maji. Maji yachujwe kwa kitambaa, na kila juma ncha ifunguliwe ili mchanga utoke. Juu ya tuta yatandazwe majani makavu.

Kipimo nacho ni chepesi. Lita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni kina cha milimita 1. Tuta la mita 1 kwa mita 10, likihitaji milimita 4 kwa siku, litatosheka na lita 40, yaani jerikani 2, asubuhi moja na jioni moja. Kidole kikizamishwa udongoni kikikuta unyevu, maji yasiongezwe.

Hesabu hiyo si ndogo. Jerikani ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi hutoka kisimani kichwani mwa mama au mtoto. Kila jerikani isiyopotea njiani ni safari moja waliyopunguziwa, na mboga zaidi katika sahani. Haba na haba hujaza kibaba. Tone kwa tone hulisha nyumba.