Bawabu Naye Awekewe Mipaka

Huku kwetu Bokoli, mgeni akibisha hodi hukaribishwa sebuleni. Hakabidhiwi ufunguo wa ghala. Adabu hiyo yafaa ihamie katika kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za wagonjwa na za ardhi, ambazo fundi aweza kuziingia akiwa mbali, Kitale au Nairobi.

Njia mashuhuri ya kuingilia ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake. SSH hufumba mazungumzo ya kompyuta yasisikizwe njiani. Lakini kufumba ni jambo moja, mipaka ni jingine. Mwezi wa Machi 2024 iligunduliwa kwamba programu ya XZ Utils ilikuwa imetiwa hila ya kuufungua mlango huo kwa siri. Naam, kikulacho ki nguoni mwako.

Sisi wanaisimu hutofautisha hiari na lazima. Katika utaratibu wa hiari, mwenye faili ndiye aamuaye nani alisome. Katika utaratibu wa lazima, kama SELinux iliyotolewa Marekani mwaka 2000, sera ya mfumo ndiyo iamuayo, na hata msimamizi mkuu aweza kufungwa nayo. Huduma ya kuingilia hugusa yale tu iliyoruhusiwa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yadai habari za raia zilindwe. Je, kaunti zetu zangoja nini? Sera hiyo haitazuia kila hila. Lakini mwizi akikwama sebuleni, ghala litasalimika.